Mlamba Chumvi

Jina la Kinyongo hakupewa kiwandani. Alikuja nalo kutoka kwao, tangu angali na meno ya utoto, siku alipokataa kucheza na binti wa jirani kwa ajili ya kitana kilichovunjwa zamani, hata mwenye kukivunja ameshasahau. Dada yake mkubwa ndiye aliyemwita hivyo kwa utani, utani ukaganda, likawa jina. Mwenyewe hakulikataa. "Wenzangu husamehe," alikuwa akisema, "mimi nina kumbukumbu nzuri."

Kazi yake ilikuwa kupaka lenzi. Lenzi zenyewe zilikuwa za rangi ya manjano, saizi ya kifuniko cha birika, za kuwekwa kwenye mashine zinazokata chuma kwa mwanga. Lenzi kama hiyo ikiachwa tupu hurudisha sehemu ya mwanga ulikotoka, nyingine huimeza, ikapata moto, ikapasuka. Kwa hiyo huvalishwa utando, mwembamba kiasi kwamba ukiupitisha kidole huoni tofauti. Utando huo hautiwi kwa brashi. Unatiwa ndani ya chungu.

Chungu ndivyo walivyoliita lile pipa la chuma lenye mlango mzito lililosimama katikati ya karakana. Lenzi zinaning'inizwa juu, chini kuna kisahani cha chuma, na ndani ya kisahani kuna unga mweupe. Mlango unafungwa, hewa yote inanyonywa, umeme unapandishwa, unga unayeyuka, unageuka mvuke na kupanda kutulia kwenye lenzi. Kama ungetulia kwenye lenzi tu, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mvuke ule haukuwa na adabu. Ulitulia kila mahali, kutani, kwenye skrubu, kwenye pembe za mlango, ukajenga magamba juu ya magamba, na magamba yakianza kudondoka yanaharibu lenzi. Ikabidi kuwe na mtu wa kuingiza kichwa na mabega mle ndani, akwangue.

Mtu huyo alikuwa dada yake Kinyongo. Karakana nzima ilimwita Nyapara, maana ndiye aliyewasimamia wakwanguaji wote, na ukimwona na patasi yake na koti lake la kazi la kijivu ungedhani chungu ni chake, kaletewa na mumewe. Nyapara alikuwa na pumzi. Pembe ambazo brashi haikufika alizipuliza kwa mdomo, puu, vumbi likatoka kama la mbegu za pamba. Na pumzi hiyohiyo ndiyo iliyokagua lenzi. Kabla lenzi haijaingia chunguni, mpakaji huipumulia kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukienea sawasawa, kioo ni safi. Ukikatika mahali, pana mafuta ya kidole, rudi ukaoshe. Wengine wote walikuwa wakipumulia mara mbilimbili na kubahatisha. Nyapara akipumulia mara moja, ukungu unalala kote mpaka ukingoni. Hakuna lenzi iliyobishana naye.

Sasa ule unga. Vitabuni ulikuwa na jina lake refu, lenye thoriamu ndani yake. Karakanani uliitwa chumvi. Wakemia huita chumvi vitu vingi sana, nao wana maana yao ya kitaalamu, wala si kosa lao. Lakini wapakaji walipoambiwa "leta chumvi", "chumvi imeisha", "kwangua chumvi", walielewa ile wanayoijua, ya mezani. Nani anavaa barakoa kwa kuogopa chumvi?

Hata hivyo maneno yalianza. Fundi umeme mmoja aliyepita kwa kibarua aliona mapipa ya unga yamekwanguliwa rangi ubavuni, mahali panapokaa alama, akauliza alama ilikuwa ya nini. Hakujibiwa, wala hakuitwa tena. Wakwanguaji wakaanza kunong'ona, wawili watatu wakaja na barakoa zao kutoka nyumbani, mmoja akasema hataki tena kuingiza kichwa chunguni. Kazi ikasuasua. Hapo ndipo Bosi alipoitisha mkutano.

Bosi alikuwa mtu wa maneno matamu na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Alisimama mbele ya chungu, akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa kidogo cha marhamu chenye kifuniko cha buluu kilichomeguka pembeni. Ndani yake kulikuwa na unga mweupe. "Hii hapa chumvi yenu mnayoiogopa," akasema. "Jamani, watu wananiambia nimekula chumvi nyingi. Basi leo mtaniona naongeza!" Akachovya kidole, akakilamba, akalamba tena, akapiga ulimi kama mtu aliyeonja mchuzi. Karakana ilipasuka kwa kicheko. Karani akapiga picha. Tangu siku ile wakamwita Mlamba Chumvi, kwa sifa, na picha ikatundikwa mapokezi, kubwa, kidole mdomoni na kichupa mkononi.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini kichupa kilitoka mfukoni na si kwenye pipa. Kinyongo naye hakujiuliza, na kwa hilo alijichukia baadaye kuliko alivyowahi kumchukia binti wa kitana.

Nyapara alifurahi kuliko wote, maana kazi yake ilikuwa imeokolewa. Siku ileile alipita kwa wakwanguaji wake mmoja mmoja. "Vueni hayo mabarakoa," aliwaambia. "Bosi mzima amelamba, sembuse nyinyi kugusa? Mnanitia aibu." Wakavua. Na kichupa, ambacho Bosi alikiacha juu ya meza kwa furaha ya makofi, Nyapara akakichukua, akakipeleka nyumbani, akakiweka kwenye kabati la vyombo kama watu wanavyoweka kombe la mpira.

Miaka ikapita, na pumzi ya Nyapara ikaanza kupungua. Kwanza ilimkatikia kwenye ngazi. Kisha ikamkatikia kwenye maneno, anaanza sentensi vizuri, anaimalizia kwa mkono. Daktari aliitazama picha ya mapafu yake akasema yamejaa makovu, vumbi liliingia na halitatoka. Kinyongo akamhamishia kwake, yeye na koti lake la kazi na kabati la vyombo lenye kichupa, kwenye chumba chenye dirisha, kitanda kikawekwa karibu na kioo ili apate kuona barabara. Wawili kati ya wakwanguaji wake walikuwa wameshazikwa. Nyapara alikwenda msiba wa kwanza kwa miguu. Wa pili hakuweza.

Wa kumtuliza alikuwa mmoja tu, naye ni yule wa kwenye picha. "Naye alilamba," alikuwa akisema kila Kinyongo alipoanza kufoka. "Hakujua... mdogo wangu. Angejua angelamba? Sote... tulidanganywa na ule unga." Na Kinyongo alifunga mdomo, maana aliona kinachozuiwa na maneno yale. Ni Nyapara aliyewavua wenzake barakoa. Kama Bosi hakujua, basi naye hakujua, wote walikuwa kwenye shimo moja. Maneno hayo ndiyo yaliyomwezesha kulala.

Mkemia aliletwa baada ya wanunuzi wa nje kugoma. Walikuwa wamesema hawataki tena lenzi yenye thoriamu, atafutwe mbadala au wataenda kwingine. Alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, aliyejua kitabu chake na asiyejifanya anajua kisichomo. Siku ya kwanza alitembea karakanani na kifaa kidogo mkononi, saizi ya redio ya mkononi. Karibu na mlango kifaa kilikaa kimya. Karibu na mapipa kikaanza kulia, tik, tik. Alipokiingiza chunguni kikalia kama mafuta yanayokaanga.

"Hiki kinapima mionzi," Mkemia alimwambia Kinyongo. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, mmekuwa mkikwangua humu bila barakoa?"

"Tulikuwa tukipuliza kwa mdomo," Kinyongo akasema.

Mkemia akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza taratibu: thoriamu ya ule unga hutoa mionzi. Unga ukiwa umetulia hauna balaa kubwa, ngozi inauzuia. Balaa ni vumbi lake. Ukilivuta linakaa mapafuni na kuchoma polepole, siku zote za maisha yako. Wanaouza unga ule huandika hayo kwenye kila pipa, akasema, haiwezekani kulinunua bila kusoma. Kinyongo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba amwazime kile kifaa jioni moja tu.

Alirudi nyumbani Nyapara akiwa amesinzia, jua bado liko dirishani. Akakipeleka kifaa kwenye koti la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango. Kikalia. Mfukoni mwa koti mlikuwa na magamba yaliyosagika, na pale kililia zaidi. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akafungua kabati la vyombo na kukisogeza kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu.

Kimya.

Akakigonga kifaa kwa kiganja, akadhani kimeharibika. Akakirudisha kwenye koti, kikalia. Akakirudisha kwenye kichupa, kimya. Akafungua kifuniko, akachovya kidole na kuonja. Akaijua ladha ile mara moja, kama mwanamke yeyote aliyewahi kusimama jikoni angeijua. Ilikuwa chumvi ya kupikia.

Alisimama pale akiwa ameshika mlango wa kabati. Nyuma yake dada yake alikuwa akipumua kwa sauti ya msumeno butu. Mtu yule alikuwa amesoma mapipa, akajua, akakwangua alama, kisha akaenda jikoni kwake akajaza kichupa. Akawachekesha. Wakampigia makofi. Pale pale Kinyongo akaapa kwamba yule mtu atakilipia kidole chake.

Wazo lake la kwanza halikuwa zuri, na sina haja ya kulipamba. Alikusanya yale magamba ya mfukoni kwenye karatasi ya sigara na kuikunja, akawa anatembea nayo. Mtunza chai wa ofisini alikuwa shoga yake, sukari ya Bosi ilikuwa kwenye bakuli lake peke yake. Kwa siku kadhaa Kinyongo alimtazama Bosi akikoroga chai na akahisi raha kama ya mtu anayejikuna. Kilichomzuia hakikuwa huruma, huruma alikuwa ameshaiweka kiporo. Kilichomzuia ni picha ya msiba. Aliona maua, aliona hotuba, aliona watu wakisema masikini naye alidhuriwa na vumbi lilelile, tena alililamba mbele yetu. Angemzika shujaa kwa mkono wake mwenyewe! Akaenda kwa Mkemia, akampa ile karatasi iliyokunjwa, na Mkemia akaitia kwenye sanduku la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, pamoja na takataka nyingine za unga ule bila kuuliza ilikuwa inakwenda wapi.

"Nifundishe hiyo kazi ya mbadala," Kinyongo akasema. "Nataka unga ule ufe kwanza."

Unga haukufa kirahisi. Thoriamu, kwa ubaya wake wote, ilikuwa inapaka vizuri, ndiyo maana iliishi muda mrefu. Utando wake ulipitisha mwanga wa joto, ulishika na haukuwa na kiburi. Mkemia alileta unga wa kwanza wa kujaribu, salama kabisa, na utando wake ukabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Wa pili ulitoka chunguni umetakata, wakapeana mikono, na baada ya wiki ukawa na madoa, kumbe unakunywa unyevu wa hewani. Kila jaribio Kinyongo alisimama kwenye usukani wa umeme, Mkemia kwenye dirisha dogo la chungu akisoma unene wa utando. Wote wawili walivaa barakoa na glavu, na chungu kilikuwa kimeoshwa na watu waliovaa mavazi kama wapiga mbizi. Kinyongo aliwatazama watu hao wakikiosha na akamkumbuka dada yake na patasi yake. Akauma meno.

Unga wa tatu ulikuwa wa itriamu, madini mengine yasiyo na mionzi. Ulipanda vizuri, ukashika vizuri, ukapitisha mwanga vizuri, na wakati lenzi inapoa ikasikika sauti ndogo, tik. Mkemia akashtuka akidhani ni kifaa chake. Ulikuwa utando umepasuka nyufa, kama matope yaliyokauka.

"Unajivuta," Mkemia alisema, akiishika lenzi kwenye taa. "Ukiwa mwembamba hauna shida. Ukiwa mnene kama tunavyoutaka, unajivuta mwenyewe mpaka unachanika."

"Nami ndivyo nilivyo," Kinyongo akasema. Mkemia akacheka, halafu akaacha kucheka, maana mwenzake hakuwa anatania.

Wakaupasha kioo moto zaidi kabla ya kuanza. Nyufa zikapungua. Wakapunguza mwendo, Kinyongo akauketisha umeme chini kabisa na kuupandisha kwa subira ya mtu anayekuna nazi kwa kisu. Nyufa zikapungua tena, hazikuisha. Ndipo Mkemia akaja asubuhi moja hajachana nywele, akasema usiku wote alikuwa anawaza, kwa nini tunautandika wote kwa mkupuo? Tuukatekate. Tabaka la itriamu, kisha tabaka jembamba la unga mwingine laini wa kuutuliza, kisha itriamu tena. Kila ukitaka kujivuta, ukute mkono umeushika.

Wakafanya hivyo. Lenzi ikapoa. Wakasubiri wakiwa wameinamisha masikio kama watu wanaosikiliza mlangoni. Haikusikika tik. Kesho yake haikusikika. Wakaiweka kwenye mvuke wa maji, wakaiweka kwenye mwanga wa mashine ya kukatia, wakaibandika gundi na kuibandua kwa nguvu, utando ukakaa. Mkemia alimkumbatia Kinyongo na kulia kwa furaha, na Kinyongo akampapasa mgongo huku akitazama kupitia bega lake, mapipa ya thoriamu yakibebwa kwenda kufukiwa kwenye zege. Mmoja amekwisha, akawaza. Amebaki mmoja.

Bosi, bila shaka, ndiye aliyeshangilia zaidi. Akatangaza siku ya kuzindua lenzi mpya, wanunuzi waje, watu wa usalama kazini waje, waandishi waje. Akatangaza pia kwamba Kinyongo atazungumza kwa niaba ya wapakaji. "Mama yetu huyu," alisema huku akimshika bega, "dada yake ni mgonjwa wetu, tunamwombea." Bega likamwasha Kinyongo siku nzima.

Asubuhi ya uzinduzi alimlisha Nyapara uji, akampanga mito, kisha akafungua kabati. Mkono ukasita. Alijua anachukua nini. Hakuwa anachukua kichupa tu, alikuwa anachukua ule usingizi wa dada yake. Alimtazama pale kitandani, kichwa kimeelekea dirishani, midomo imefunguka ikitafuta hewa. Mwanamke mwenye moyo mwepesi angerudisha mlango wa kabati. Kinyongo akatia kichupa kwenye mkoba.

Ukumbi ulikuwa karakana yenyewe, imefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, chungu kimefungwa utepe. Ile picha ya mapokezi ilikuwa imeletwa na kusimamishwa kwenye jukwaa. Bosi alizungumza kwa muda mrefu. Alisema usalama wa wafanyakazi ndio moyo wake. Na alipofika kwenye kile kisa, kama kawaida yake, sauti ikalegea. "Sikujua," alisema akionyesha picha. "Wageni wetu, mimi mwenyewe nililamba thoriamu, ileile waliyoishika wao. Kama kuna aliyedhurika hapa, mimi ni ndugu yake. Tumedhurika pamoja." Akafuta macho. Mgeni mmoja wa kike naye akafuta.

Kinyongo akaitwa. Alipanda na mkoba wake.

"Sina hotuba," alisema. "Nina zawadi. Dada yangu Nyapara alimtunzia Bosi kitu, miaka yote hii, kwa heshima." Akatoa kichupa, akakiinua juu karibu na picha, kifuniko cha buluu kando ya kifuniko cha buluu, pembe iliyomeguka kando ya pembe iliyomeguka. Wapakaji wakaguna. "Bosi, hebu waambie wageni. Ndicho chenyewe?"

Bosi alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amelewa sifa, na mtu aliyelewa haangalii anapokanyaga. "Ndicho!" akasema. "Jamani, ndicho chenyewe, na unga wake uleule! Aisee, mama, umeniliza." Akakigeuza kwa waandishi wapige picha. Kisha akakumbuka alichokuwa ametoka kusema, akakiweka mezani haraka na kurudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani. "Lakini tusikikaribie. Ni sumu hii. Msikiguse jamani."

"Ni sumu?" Kinyongo akauliza.

"Sumu kabisa."

"Uleule ulioulamba?"

"Uleule, mama. Ndiyo nasema Mungu alinisitiri."

Kinyongo akageuka. "Mkemia, mwanangu. Lete kifaa chako."

Mkemia hakuwa ameambiwa chochote. Alipanda na kifaa, akakiwasha, kwa mazoea akakipitisha kwanza kwenye bawaba za chungu, ambazo kuoshwa kote hakukuzimaliza. Tik, tik, tik. Ukumbi ulisikia. Kisha akakisogeza kwenye kichupa. Akakisogeza zaidi. Akafungua kifuniko, akakikaribisha mpaka kikagusa mdomo wa chupa.

Hapakuwa na sauti. Mtu alikohoa nyuma, akaonekana kama amefanya fujo.

"Kimeharibika hicho," Bosi akasema. Shati lake la pasi lilikuwa limeanza kushika mgongo.

"Rudisha kwenye chungu," Kinyongo akasema. Tik, tik, tik. "Lete kwenye kichupa." Kimya. Mkemia alikuwa ameshaelewa. Alimtazama Bosi kwa namna ambayo watu hutazama kitu walichokikanyaga.

Kinyongo akachovya kidole. Watu wa mbele wakapiga kelele, mgeni wa kike akasimama. Akakilamba kile kidole, akalamba tena, akapiga ulimi kama mtu aliyeonja mchuzi, vilevile kama kwenye picha nyuma yake.

"Chumvi ya kupikia," akasema. "Imeshika unyevu kidogo, imekaa sana. Tulipuliza thoriamu kwa mdomo, yeye akatulambia chumvi ya jikoni kwake. Huwezi kubadilisha unga kama hujui unabadilisha nini." Akamgeukia. "Ulijua. Umesema mwenyewe ndicho, mbele ya watu wote hawa. Karibu, lamba tena."

Ndipo mkwanguaji mmoja wa zamani, mama aliyezika mwenzake wa zamu, akainuka kwenye kiti cha plastiki. Akapanda jukwaani, akachovya kidole, akakilamba huku amemkazia Bosi macho, akateremka upande wa pili bila neno. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Walipanga foleni kama ya kupokea dawa, kila mmoja kidole, kila mmoja macho, na Bosi amesimama katikati yao hana pa kupita. Watu wa usalama kazini walikuwa wameacha kupiga makofi na kuanza kuulizana. Yule mgeni wa kike alipanda wa mwisho, akaonja, akatema kwenye kitambaa chake. "Ni chumvi," aliwaambia wenzake.

Kinyongo hakungoja kuona watakachomfanya Bosi. Alikuwa ameingojea siku ile kwa hamu, na raha yake aliipata, sitasema hakuipata. Aliinywa yote. Lakini njiani, kichupa kitupu mkononi, raha ilianza kumwisha kila alipokaribia ngazi za nyumbani.

Nyapara alikuwa macho. Mlango wa kabati ulikuwa wazi kidogo, na kutoka kitandani rafu ya juu inaonekana.

"Kichupa changu," alisema.

Kinyongo akakaa ukingoni mwa kitanda, akakiweka juu ya shuka, akamweleza yote: kifaa, koti, kimya cha kabatini, ukumbi, foleni. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Nyapara alisikiliza akiwa ameangalia dari. Barabarani chini gari lilipiga honi, likanyamaza.

"Kwa hiyo... alijua."

"Alijua, dada."

"Niliwavua barakoa mimi. Kwa mkono wangu." Alipumua, msumeno ukaenda na kurudi. "Ungeniachia hilo moja. Ungeniachia tu."

"Najua. Sikuweza."

Nyapara alifumba macho, na chozi likapita pembeni likaingia sikioni. Kinyongo alingojea atukanwe, alitaka atukanwe. Badala yake dada yake alijiinua kwa kiwiko, taratibu, akasogeza uso kwenye kioo cha dirisha na kukipumulia. Pumzi iliyokuwa ikilaza ukungu mpaka ukingoni ilitoa doa dogo lisilotosha hata kufunika kidole gumba. Likakatika katikati, likafutika. Alilitazama mpaka mwisho, kwa jicho lake la ukaguzi.

"Bado yupo pale?" akauliza.

"Nimemwacha kazungukwa. Hatoki mapema."

"Basi nibebe."

"Dada, ngazi zile..."

"Nibebe mgongoni. Nataka aketi... nimpumulie usoni. Aikague pumzi hii." Akashika mkono wa mdogo wake, na kwa mtu asiye na pumzi aliushika kwa nguvu. "Hilo jina lako nilikupa mimi, nikikucheka. Sogea. Tugawane."

Kinyongo akapiga magoti kumtafutia viatu chini ya kitanda. Vilikuwa vimejaa vumbi, na alivipangusa kwa kitambaa chenye maji.